MAMBO YA NYUMBA: Moshi Unaorudi Chumbani

Mwaka jana katika ukurasa huu tulizungumza habari ya mabomba ya maji yanayoganda wakati wa baridi, nami nikapata barua tatu za kunishukuru na moja ya kunilaumu. Safari hii jamaa wawili wameniomba nieleze habari ya dohani. Nyumba nyingi za zamani tunazokaa huku Uingereza zina meko ukutani, na tangu bei ya gesi na umeme ilipopanda mwaka 2022, wengi wetu tumeanza kubandua mbao zilizoyaziba. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nitakayoyasema yamenifika mwenyewe, na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu.

Nyumba yetu, si mbali na Portsmouth, ilijengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Chumba cha mbele ndicho analala Bi Mkubwa, mama yangu mzazi, naye ana pumu na baridi haipatani naye hata kidogo. Nikaona nimwashie moto. Kwanza nikauliza baraza la mji, kwani tangu sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 ziko sehemu nyingi za nchi hii ambazo hairuhusiwi kutoa moshi dohanini. Nikaambiwa mtaa wetu haumo. Basi nikanunua kuni, nikazipanga vizuri, nikawasha kwa bismillahi. Hazikupita dakika kumi, hata picha za ukutani hazionekani. Bi Mkubwa akatoka nje na mtandio puani, akasema, "Baba, uliniambia utanipasha moto, kumbe unanibanika kama samaki?"

Nikamwita mzee mmoja wa Kiingereza ambaye kazi yake ni kusafisha dohani. Akapeleka brashi yake juu, mara ikakwama. Alichokiteremsha kilijaa ndoo mbili: vijiti, sufi ya kondoo, na nyuzi za plastiki. Huku wako kunguru wadogo wanaopenda kujenga ndani ya dohani, na mimi niliyekua na kunguru wa Unguja wakininyang'anya mkate mkononi nilidhani nimekwisha achana nao. Mzee akanieleza kwamba bahati yangu tulikuwa Oktoba. Kiota chenye mayai au makinda kinalindwa na sheria ya mwaka 1981, hakiguswi mpaka ndege wamekwisha ondoka. Akaweka kofia ya wavu juu ya dohani. Kabla ya kwenda akauliza kama ninacho king'ora cha hewa ya sumu. Nikasema sina. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto asiyekuja na daftari, akasema, "Nunua leo, si kesho." Nikanunua.

Dohani safi, lakini moshi ulikuwa bado unarudi kidogo. Hapa yalikuwapo mambo mawili madogo na moja kubwa. La kwanza, kuni zangu zilikuwa mbichi. Ukinunua mzigo mdogo hapa Uingereza, tangu Mei 2021 sheria inataka unyevu usizidi 20 kwa mia, lakini mimi nilinunua kwa jirani aliyekata mti wake. La pili, dohani iliyokaa kutwa bila ya moto huwa imejaa hewa baridi, na hewa baridi ni nzito, imekaa mle kama kizibo. Dawa yake ni kuwasha gazeti moja lililokunjwa na kulishika juu, kwenye koo la dohani, mpaka usikie mvumo wa hewa ikipanda. Ndipo utie moto kuni.

Ama hilo kubwa ni mlango wa meko. Mlango ukiwa mpana na njia ya moshi nyembamba, moshi hautoshei, unamwagika. Hesabu wanayoitumia mafundi wa hapa ni kwamba uwazi wa njia ya moshi uwe si chini ya 15 kwa mia ya uwazi wa mlango. Nikachukua futi. Njia ya moshi ni sentimita 23 kwa 23, ndiyo 529. Mlango wangu ulikuwa upana 60 na kimo 75, ndiyo 4,500. Ukigawa unapata chini ya 12 kwa mia. Kwa njia ile, mlango haukutakiwa kuzidi kimo cha sentimita 59. Kabla ya kununua kitu nikashikilia kipande cha bati sehemu ya juu ya mlango, huku moto unawaka, nikawa nakiteremsha kidogo kidogo. Kilipofika kama sentimita 16, moshi ukageuka wenyewe ukaingia ndani. Fundi akanitilia bamba la shaba la kimo hicho, na kwa kweli linapendeza.

Tukakaa kwa raha mpaka Januari. Bi Mkubwa akiota moto, anasoma uradi wake, wajukuu miguuni. Kisha baridi ikazidi, akaanza kulalamika kuwa upepo unamwingia miguuni. Nikatafuta, nikaona kijidirisha cha chuma chenye matundu, chini karibu na sakafu. Nikakiziba kwa blanketi. Nikabandika utepe pembezoni mwa madirisha, na kamba ya mpira chini ya mlango. Nikajiona fundi.

Jumapili tukawa na wageni. Mke wangu yuko jikoni anakaanga sambusa, feni ya jikoni inavuma, nasi chumbani moshi ukaanza kurudi. Nikazilaumu kuni, nikaulaumu upepo. Binti yangu mdogo akasema, "Baba, moshi unakuja kila mama akiwasha feni." Nikamwambia aende akacheze.

Usiku wa Jumanne, saa tisa na nusu, king'ora kikalia. Nilipoingia hapakuwa na moshi hata chembe, moto umebaki makaa mekundu, mazuri kuyatazama. Bi Mkubwa nikamwita mara tatu ndipo akaitika, tena kwa sauti ya mlevi. Nikambeba mpaka nje na blanketi lake, mke wangu akawatoa watoto, tukapiga simu 999 tukiwa barabarani kwenye barafu. Walimtia hewa ya oksijeni, akalazwa siku mbili. Sisi wengine tuliumwa na vichwa tu. Siku mbili zile sikuweza kula.

Mtu wa zimamoto alipokwenda juu alikuta feni ya bafuni bado inazunguka. Kijana wetu alirudi kazini usiku, akaoga, akaiacha. Ndipo nikafahamu. Hewa haiwezi kupanda dohanini ila iwe hewa nyingine inaingia ndani ya nyumba kuchukua pahala pake. Nilipoziba kila tundu, feni ikitoa hewa ilikuwa haina pa kuivuta nyingine ila kwenye dohani, ikaivuta kutoka juu kuja chini. Moto ukiwa mkubwa unaweza kushindana nayo kidogo. Makaa yaliyokwisha nguvu hayawezi, nayo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Moshi wa Jumapili ulikuwa umekuja kuniambia, na mtoto akautafsiri, mimi nikamfukuza.

Jambo hili si jipya. Mmarekani Benjamin Franklin aliandika mwaka 1785 sababu tisa za dohani kutoa moshi, na ya kwanza aliyoitaja ni hii hii, nyumba iliyojengwa imebana hata haina hewa ya kutosha.

Kwa hiyo mkitaka kujua kama nyumba yenu inapumua, fanyeni hivi. Fungeni madirisha na milango, washeni feni zote za jikoni na za bafuni, meko yakiwa hayana moto. Washeni udi wa kijiti mmoja, muuweke mbele ya mlango wa meko. Moshi wake ukivutwa ndani, vyema. Ukirudishwa chumbani, fungueni dirisha kidogo mtazame tena. Ukigeuka, basi ugonjwa ni ukosefu wa hewa, wala msimtajirishe fundi kwa kubadilisha dohani. King'ora kiwe chumba kile kile chenye meko, baina ya mita 1 na 3 kutoka motoni, na betri ijaribiwe.

Na neno moja kwa wale wanaochoma mishikaki. Nimeona kwa macho yangu seredani imeingizwa ndani ya nyumba ya ghorofa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Jiko letu la nyumbani lilikuwa uani, au chini ya paa lenye nafasi baina yake na ukuta, ndiyo maana makaa yale yale hayakutuua. Hapa yatatuua. Hata chetezo cha ubani, mkishamaliza kufukiza kitoeni nje kikazimikie huko, msikilaze chumbani na mtoto.

Mimi nimeondoa blanketi na utepe wote, na fundi ametia tundu la hewa ukutani lisilozibika, karibu na meko, ili upepo uende motoni usipite miguuni mwa Bi Mkubwa. Moto unazimwa kabla ya kulala. Hata hivyo kila usiku ananiita niweke mkono wangu kwenye tundu lile mbele yake, niseme kama nasikia hewa, ndipo akubali nimzimie taa.

Mwakani, inshallah, ukungu wa kuta za bafuni. Mwenye swali na aniandikie mapema.