MAONI YETU: GARI LA USHIRIKA HALIFAULU UKAGUZI KWA SIKU MOJA



Ukaguzi wa mwaka wa gari letu umekaribia. Pikapu yetu ndogo ya dizeli itapelekwa wilayani kwa mkaguzi wa magari wa polisi, naye ataitazama toka taa za mbele hadi bomba la moshi. Ikifaulu, itabandikwa stika kiooni. Ikishindwa, itarudi kulala chini ya mwembe, na sisi tutarudi kukodi magari ya watu kwa bei wanayotaka wao. Msimu wa mazao umeshabisha hodi. Tena wote tunajua kwamba gari hilo ndilo linalowapeleka wagonjwa na mama wajawazito hospitali usiku wa manane. Kwa hiyo jambo hili si la dereva peke yake. Ni letu sote.

Mwezi huu maneno yamekuwa mengi, kisimani, mashineni na vijiweni. Wapo wanaosema, "Dizeli haifi, itapita tu." Wapo wanaosema tuazime matairi mazuri kwa mfanyabiashara, tuyafunge siku hiyo, jioni tumrudishie mwenyewe. Na wapo wanaosema kwa sauti ya chini ati mkaguzi apewe chai. Gazeti hili linasema maneno yote matatu hayafai.

Tuanze na hilo la dizeli. Ni kweli injini ya dizeli ni ngumu. Haina plagi za cheche. Hewa inabanwa kwa nguvu ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, nozeli inanyunyiza mafuta, na mafuta yanawaka yenyewe. Chuma chake ni kizito, na ikitunzwa huishi miaka mingi. Lakini jamani, mkaguzi hatafuti kujua injini itaishi miaka mingapi. Anatazama breki, stelingi, matairi, taa, indiketa, honi, wipa, vioo, mikanda, springi na moshi. Gari linaweza kuwa na injini yenye nguvu za simba likaangushwa na balbu moja.

Tutazame wenzetu waliokagua magari kwa muda mrefu. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960, kwa magari yaliyozidi miaka 10, na mambo yenyewe yalikuwa matatu: breki, taa na stelingi. Tangu mwaka 1967 gari dogo hukaguliwa kuanzia linapotimiza miaka 3, na kila mwaka baada ya hapo. Hesabu zao za miaka mingi zinaonyesha kwamba vitu vinavyoangusha magari zaidi ni taa, springi na viungo vyake, breki na matairi. Vitu hivyo havijali kama gari ni la petroli au la dizeli. Vingi vyao si ghali kama vikishughulikiwa mapema. Balbu ni bei ndogo. Pedi za breki zikibadilishwa kwa wakati ni bei ya kadiri. Zikiachwa mpaka chuma kikasugua chuma, hapo ndipo mfuko wa ushirika unapotoboka.

Jambo moja tu ndilo linaloibana dizeli kuliko petroli, nalo ni moshi. Moshi una lugha yake, kila mmoja wetu anaweza kuisoma. Ukiwa mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa: ama filta ya hewa imeziba vumbi, ama nozeli zimechoka, ama pampu imevurugika. Ukiwa wa bluu, injini inakula oili. Ukiwa mweupe na hauishi hata injini ikishapata moto, basi ama mafuta hayaungui sawasawa, ama maji yanaingia silinda. Gari likipita mbele ya nyumba yako likitoa moshi usio wa kawaida, usicheke. Mwambie dereva au katibu siku hiyo hiyo.

Barabara yetu ni ya vumbi, kwa hiyo filta ya hewa ya kwetu haiwezi kungojea muda ule ule wa gari la lami. Na mafuta tunayoweka kwenye madumu na mapipa huingia maji na takataka. Yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, na yale ya chini kabisa yasimiminwe kwenye tangi. Tena tujihadhari na mafuta ya rahisi ya kichochoroni. Nchi yetu iliwahi kusumbuliwa sana na uchakachuaji, watu wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Pampu ya dizeli hujilainisha kwa mafuta yale yale inayoyasukuma, kwa hiyo ukiinywesha mafuta ya taa unaisaga. Faida ya shilingi chache leo ni pampu nzima kesho.

Sasa hilo la kuazima matairi. Tuseme kweli: tairi la kuazima linamdanganya nani? Mkaguzi atatoa stika, jioni matairi yatarudi kwa mwenyewe, na sisi tutafunga tena vipara vyetu. Masika yakifika, gari litashuka mlima limejaa watu na magunia. Stika iko kiooni, lakini stika haishiki barabara. Atakayekuwa nyuma ya gari siku hiyo ni mtoto wako au mama yako.

Na chai? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haimshiki anayepokea peke yake. Anayetoa naye ana kosa. Lakini hata tukiweka sheria pembeni, chai haijapata kutengeneza breki. Ukitoa mwaka huu, mwakani utadaiwa zaidi, maana gari litakuwa bovu zaidi. Mwisho tutakuwa tumelipa bei ya breki mpya mara tatu, na breki mpya hatuna. Fedha hizo ni jasho la wanachama, hazina ruhusa ya kutembea gizani.

Kuna kosa jingine la kusahihisha. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, wengine wakadhani na wajibu wa kuweka gari katika hali nzuri umefutwa. Sivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ingali inafanya kazi, na bima ni lazima vile vile. Kilichofutwa ni ada ile, si breki.

Wapo pia wanachama wenye nia njema wanaosema tuuze hili tununue dizeli ya kisasa. Hatupingi gari jipya siku uwezo ukipatikana. Lakini tujue tunachonunua. Dizeli nyingi za kisasa zina chujio la masizi ndani ya njia ya moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa joto, gari linapokwenda mwendo mrefu bila kusimama. Gari la safari fupi fupi, kituo hadi kituo, hujaza chujio likaziba. Nozeli zake nazo hazivumilii mafuta machafu hata kidogo. Huko Uingereza, tangu mwaka 2014, gari lililotengenezwa na chujio hilo likikutwa limeng'olewa, linaanguka ukaguzi. Kwa hiyo gari jipya halitatuondolea kazi ya kutunza. Litatuongezea.

Sasa tuje nyumbani, tuseme lile linaloogopwa kusemwa. Springi za gari letu hazivunjwi na barabara peke yake. Zinavunjwa na tamaa. Gari la tani moja linapakiwa magunia mpaka matairi yanabonyea, halafu juu ya magunia wanapandishwa watu. Dereva akikataa anaitwa mwenye maringo. Na mara nyingi anayemlazimisha si mwanachama wa kawaida, ni kiongozi mwenye mzigo wake. Gari la ushirika si punda wa mtu mmoja. Dereva akisema mzigo umetosha, umetosha, hata kama mwenye gunia ni mwenyekiti.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo haya, yajadiliwe kwenye mkutano ujao:

1. Liwepo daftari la gari, likae ofisini mahali pa wazi. Kila safari iandikwe, kila lita ya mafuta, kila spea iliyonunuliwa na bei yake. Mwanachama yeyote awe na haki ya kulisoma.

2. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya safari, dereva na mjumbe mmoja wa kamati wakague taa zote, oili, maji, mafuta ya breki, handibreki, upepo wa matairi na filta ya hewa. Watie sahihi wote wawili.

3. Sehemu ya nauli ya kila safari itengwe kwa matengenezo, isiguswe kwa posho wala kwa sherehe.

4. Majuma mawili kabla ya ukaguzi, fundi alitazame gari zima uvunguni, hasa viungo vya stelingi, bushi, shokapu na mipira ya breki. Ubovu ukionekana siku ile ya ukaguzi, umechelewa kuonekana.

5. Siku ya ukaguzi gari lioshwe, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuakisi ziwemo, na injini iwe imepata moto. Injini baridi hutoa moshi bila sababu ya maana.

Mkituuliza, "Je, gari dogo la dizeli linaaminika kufaulu ukaguzi?", jibu letu ni hili: linaaminika kadiri wenyewe wanavyoaminika. Injini yake itatimiza wajibu wake. Swali ni kama sisi tutatimiza wetu.

Shime, ndugu wanachama. Mje mkutanoni kwa wingi, mapendekezo haya yapitishwe au yarekebishwe, na Jumatatu inayofuata kazi ianze.