Gemu hai, muziki mfu?

Leo kutoka Runyenjes nataka tubishane kidogo. Mnaikumbuka Creatures 2 ya mwaka 1998? Viumbe wake, Norn, hujifunza, huzaana na kufa. Peter Chilvers hakuwatungia wimbo mmoja wa kurudiwarudiwa. Muziki wake hufuata kanuni, ukiunganisha vipande vifupi vya sauti kulingana na mahali kiumbe alipo na hali yake. Mwaka 2008 Spore nayo ikatumia muziki unaojitunga, kazi ya Brian Eno.

Mpiga ngoma hodari huku kwetu hufanya vivyo hivyo: huwatazama wanaocheza, kisha hubadilisha mdundo. Basi, watengeneza gemu wenzangu, tusibandike tu rekodi ya ngoma za Chuka. Tuandike kanuni za mpigaji. Faili itakuwa ndogo, bando litadumu, na ngoma itabaki hai. Mwasemaje?