Ekuteri ikikataa chaji, vumbi liulizwe kwanza

Mjini Bunia, kijana ambaye ekuteri zake zisizo na waya zimekataa chaji huambiwa neno moja: betri imekufa, nunua zingine. Neno hilo linasemwa haraka mno.

Wakati wa kiangazi vumbi la barabara linaingia kila mahali, hata katika tundu la kuchajia. Linachanganyika na jasho na nta ya masikio, linafunika vichuma vidogo vya kisanduku, na umeme haupiti. Kitambaa kikavu na kijiti cha meno vinatosha. Sindano hapana, inaweza kuunguza kifaa.

Kisha ijaribiwe kable nyingine. Kuna ekuteri za bei ndogo zinazokataa kable yenye Type-C pande zote mbili, lakini zinachaji vizuri na ile yenye USB kubwa upande mmoja. Nani anamweleza mnunuzi jambo hilo sokoni? Na zile zilizokaa miezi bila kutumiwa ziachwe kwenye umeme hata nusu saa kabla ya kuhukumiwa. Sola iliyofunikwa na mawingu haihesabiki.

Betri iliyovimba ndiyo ya kuachwa kabisa. Isitobolewe, isichomwe pamoja na takataka za nyumba, maana inalipuka.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za namna hii, huchimbwa Congo, huko Lualaba na Haut-Katanga. Inazunguka dunia, inarudi Bunia ndani ya ekuteri, halafu inatupwa mferejini kwa sababu ya vumbi.