Wasomesheni Watoto na Hukumu ya Mombasa

Wazazi na walimu wenzangu wa Al Warqa hapa Dubai, watoto wetu wanasoma skuli za mitaala ya Uingereza, ya Marekani na ya India, na wakubwa wao wengi wanaijua kesi ya Brown. Watakwambia kwamba Mei 17, 1954, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikataza watoto kutengwa skuli kwa rangi zao. Ni elimu njema. Lakini muulize kijana huyohuyo, ambaye bibi yake yuko Mji wa Kale, Mombasa, ni hukumu gani ya ubaguzi iliyotoka kwao. Atabaki kukutazama, na kosa si lake.

Hukumu ipo. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza mnada wa viwanja vya Mombasa kwa masharti mawili: wanunuzi wawe Wazungu tu, na Mwasia au Mwafrika asikae kwenye nyumba zitakazojengwa humo ila akiwa mtumishi wa ndani. Abdulhusein Kaderbhai, Mhindi, hakunyamaza, alikwenda mahakamani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikampa haki. Kamishna wa ardhi hakuridhika, akaipeleka kesi London, kwenye Privy Council, ambako rufaa za makoloni zilikomea. Huko Kaderbhai akashindwa. Majaji waliona kwamba Sheria ya Ardhi ya 1915 ilimpa Kamishna uwezo wa kuweka masharti hayo, na kesi ikaingia katika ripoti za sheria za 1931.

Kuna watakaosema: ya nini kufukua ya wazee, na mbele ya watoto wanaoishi mtaa mmoja na mataifa chungu nzima? Jawabu langu ni kwamba mtoto anayesomeshwa kesi zilizoshinda peke yake hukua akidhani mahakama daima husimama na mnyonge. Huko Marekani kwenyewe, Homer Plessy, aliyepinga kutengwa kwa rangi kwenye treni, alishindwa mwaka 1896 kwa majaji 7 dhidi ya 1, na miaka 58 ikapita kabla ya Brown. Kaderbhai hufundisha jambo ambalo Brown haiwezi kulifundisha: ubaguzi unaweza kupita kwa muhuri, kwa tangazo la serikali, kwa lugha ya adabu kabisa.

Na historia hizi mbili zimewahi kukutana. Thurgood Marshall, wakili aliyeishinda kesi ya Brown, aliitwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na wenzake, akawa mshauri wao kwenye mkutano wa katiba ya Kenya wa Lancaster House, London, mwaka 1960. Huko aliandika rasimu ya haki za raia wa Kenya huru, na sehemu kubwa ya kazi yake ikawa kuwalinda wachache, Wazungu na Wahindi, mali zao zisichukuliwe bila fidia. Mtu aliyewatetea Weusi wa Kansas na South Carolina! Mpeni mwanafunzi swali hili: je, alijipinga au alikuwa na msimamo uleule? Darasa litawaka moto.

Nyaraka hazitaki fedha. Hukumu ziko kwenye tovuti: za Kenya ziko Kenya Law, za Tanzania TanzLII, za Uganda ULII, na nyingi za zamani za Privy Council ziko BAILII, zote bure. Ila tafuteni kwa jina la kesi. Ukiandika "ubaguzi wa rangi" pekee, intaneti itakumwagia Marekani na Afrika Kusini mpaka uchoke. Wala msiridhike na video za dakika tano zinazosimulia kesi kama hadithi ya paukwa pakawa. Mtoto na aisome hukumu yenyewe. Brown ni fupi, kwani Jaji Mkuu Earl Warren alikusudia hata asiye mwanasheria aielewe. Ya Kaderbhai ni nzito zaidi, basi msomee mwanao yale masharti ya mnada, kisha muulize familia yenu ingeruhusiwa kulala wapi.

Walimu wa historia, msingoje wizara wala mtaala. Iingizeni Kaderbhai kwenye somo muhula huu, wiki ileile mnayosomesha Brown. Nanyi wazazi, mkiona haimo, iulizieni.