Tusisukumwe kustaafu mapema

Hapa Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Kinachoniumiza ni kusikia kila siku kwamba sisi wa 55 tuwapishe vijana, tukale pensheni. Pensheni ipi?

Mume wangu alistaafu kwa hiari baada ya mgongo kumshinda. Huu ni mwezi wa nane anapanda daladala na bahasha yake ya kaki kufuatilia mafao, anaambiwa faili halijakamilika, arudi wiki ijayo. Ada za watoto hazingoji.

Naiomba serikali: aliyechoka apumzike, ila akute mafao yake tayari. Mwenye nguvu aachwe kazini. Wasomaji wenzangu, mnasemaje?

Mke wa mstaafu,
Morogoro