Bangili ya Kalasinga yaniumbua

Jamani, wiki iliyopita nimeumbuka gereji!

Basi bwana, mkononi nilikuwa na bangili yangu ya chuma niliyoinunua kwa mmachinga, ya kuuzia sura tu. Si unajua tena, mikono ya shati umekunja, bangili inang'aa, watoto wa watu wanageuka. Nimepeleka gari la ofisi kubadilishwa klachi. Fundi ni mzee wa Kalasinga, kilemba cha bluu, ndevu mpaka kifuani. Bei sh. 85,000. Nikamnong'oneza: "Mzee wangu, kwenye risiti si utaandika laki na ishirini?"

Kimya. Akaushika mkono wangu, akaigonga bangili kwa kidole cha grisi. "Hii umevaa ya nini?"

Nikacheka, urembo tu mzee. Akapandisha mkono wa ovaroli: naye anayo, imekwisha kuchakaa.

"Sisi tunaiita kara. Navaa mkono huu unaoshika spana na kuhesabu pesa. Ukitaka kufanya ubaya, macho yanaiona kwanza."

Nilitamani niingie chini ya gari!

Huku anafungua boliti akanipa somo. Mwaka 1699, huko Anandpur, Punjab, Guru Gobind Singh aliwanywesha wafuasi watano wa kwanza maji ya sukari yaliyokorogwa kwa upanga. Tangu hapo, Singasinga aliyekunywa maji hayo anakuwa na vitu vitano, vyote vinaanza na K: kesh, nywele zisizokatwa, mwili ubaki Mungu alivyouumba, kangha, kitana cha mti cha kuzitunza, kara yenyewe, kachera, kaptula ya ndani ya kumkumbusha mtu azuie tamaa (hapo nilitazama pembeni), na kirpan, kisu cha kumtetea anayeonewa, si cha kutishia watu baa. Kumbe kilemba hakimo kwenye vitano! Kazi yake kufunika na kutunza nywele.

"Mbona chuma, si dhahabu?" nikauliza.

"Ya dhahabu maskini atavaa nini? Na ni duara, maana Mungu hana mwanzo wala mwisho."

Risiti ikaandikwa sh. 85,000. Nikaivua bangili nimwachie, akakataa. "Vaa, hukatazwi. Ila maneno yale, kesho njoo nayo mkono mtupu."

Bosi alipopewa risiti aliigeuza mbele na nyuma. "Mbona safari hii rahisi hivi?"

Nikakumbuka nina simu ya kupiga.