Kisa Kimoja, Ndimi Nyingi



Juma hili tunaizungumzia The Social Network, filamu iliyotoka Marekani mwaka 2010, inayosimulia, kwa kuchanganya ya kweli na ya kubuni, kuanzishwa kwa Facebook katika Chuo Kikuu cha Harvard. Tunatahadharisha mapema: ina ulevi na utovu wa staha, nayo haifai kuwekwa mbele ya watoto. Tunachokitafuta ni funzo lililomo katika utunzi wake.

Mtu angedhani filamu ya kompyuta itajaa mitambo. Hii imejaa maneno. Mwandishi wake, Aaron Sorkin, alitunga mswada wa kurasa 162, ilhali kwa desturi ya kazi hiyo ukurasa mmoja hukadiriwa dakika moja. Mwongozaji, David Fincher, aliutimiza kwa saa mbili tu, waigizaji wakisema upesi. Onyesho la kwanza, la kijana na msichana wakizungumza mezani, lilirudiwa zaidi ya mara 90. Kijana anasema asisikilize, msichana anaondoka, usiku uleule anamwandika vibaya katika intaneti.

Ufundi mkubwa zaidi umo katika kesi mbili za madai. Kila upande unasimulia mbele ya mawakili, na mambo yaleyale yanageuka sura kila msemaji anapobadilika. Mtazamaji akidhani ameupata ukweli, mwingine hufungua kinywa.

Meza ile sisi wa kamati ya msikiti tunaijua. Wanandoa hutujia, na aliyetangulia huwa na simu mkononi. Tunakiri: tumewahi kumlaumu mke kwa ujumbe tulioonyeshwa na mumewe. Mke aliposema, ikadhihirika kuwa ujumbe uliotangulia ule ulikuwa umefutwa. Tulimwomba radhi, lakini neno letu lilikuwa limekwisha kuwafikia wazazi wake.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimuusia asihukumu baina ya wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Wasia huo tulikuwa nao tangu chuoni, nasi tuliuacha kwa sababu ya kioo cha simu.

Basi mzazi atakayeletewa simu na mwanawe, au na mkwewe, na asome. Kisha aifunike, amwite yule asiyekuwapo.

Wabillahi tawfiq.